Umri Mrefu Usioandikwa



Palikuwa na mwanamke katika mji wa Madina, mtu mweusi, asiye na cheo wala ukoo wa kutajika, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia msikiti wa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Baadhi ya wapokezi wamemtaja kwa jina la Ummu Mihjan. Alipofariki Maswahaba walimzika, wala hawakuona haja ya kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume alipomkosa msikitini akamwulizia. Alipoambiwa kuwa amekufa na amekwisha kuzikwa, aliwauliza kwa nini hakujulishwa, kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akenda akamswalia hapo hapo. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, na kila mwenye kufungua vitabu hivyo ataikuta. Karne kumi na nne zimepita, na mfagizi yule angali akitajwa.

Mwezi uliopita tuliitwa Kitengela kutoa mkono wa taazia. Wasomaji wetu walioko Mombasa, Malindi na Lamu huenda wakauliza, Kitengela ni wapi, na sisi watu wa pwani tuna nini huko? Tuna mengi. Huo ni mji ulio kando ya barabara ya kwenda Namanga, kusini ya Nairobi, ambao wenyeji wake Wamasai waliujua kwa jina la Noonkopir, na kabla ya miaka arobaini iliyopita palikuwa ni malisho ya ng'ombe na njia ya nyumbu watokao katika mbuga ya Nairobi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini hapo. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Miongoni mwao wamo vijana wetu waliofuata kazi katika viwanda vya Athi River na afisi za Nairobi, wakanunua viwanja, wakajenga, wakawachukua wazee wao wakae nao. Siku hizi ni nadra nyumba ya Mpwani isiyo na jamaa Kitengela.

Marehemu aliyetupeleka huko alikuwa mama wa miaka tisini au karibu yake. Hatutamtaja kwa jina, kwani watoto wake wametuomba hivyo, na ombi lao tumelikubali. Alikuwa amekwenda kumzuru binti yake mjini Kajiado, na mauti yakamkutia huko. Akazikwa huko huko siku ya pili yake asubuhi, na taazia ikafanywa Kitengela kwa mwanawe, kwa kuwa nyumba ni kubwa na watu wa Nairobi wafika kwa wepesi.

Juu ya mazishi palikuwa na maneno kidogo. Mtoto mkubwa, akaaye Mombasa, alitaka mamake achukuliwe akazikwe pwani pamoja na wazee wake. Tuliulizwa kwa simu usiku ule. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi, katika kumhamisha maiti kutoka mji aliofia hadi mji mwingine, ni baina ya aliyesema ni haramu na aliyesema ni makuruhu, ila kwa aliyefia karibu na Makka, Madina au Baitul Muqaddas. Tulimwambia hivyo, naye, Mungu amjazi kheri, akapanda basi usiku huo huo akaja yeye. Siku hizi watu hutumia pesa nyingi mno kusafirisha maiti, ilhali marehemu ameacha deni dukani. Lakini hilo lina siku yake.

Tuingie katika kiini cha maneno yetu. Baada ya dua, kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, alisimama akasoma wasifu wa nyanyake kutoka katika simu yake. Alisoma vizuri, kwa adabu. Alisema kwamba marehemu alizaliwa Kibokoni, Mombasa. Kwamba aliolewa na mfanyakazi wa reli, wakahamia Kajiado mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwamba alijaaliwa watoto saba, na wajukuu na vitukuu kadha wa kadha. Na kwamba alikuwa mke wa nyumbani. Kisha akataja maradhi yake na saa ya kufa kwake. Yote hayo yalimaliza dakika tatu.

Upande wa pili wa pazia, walipokuwa wamekaa wanawake, tukasikia minong'ono, halafu sauti ya mama mmoja mtu mzima ikauliza kwa nguvu: "Na chuo, je? Na maiti aliowaosha?"

Tukamwomba mama huyo aseme. Akasema, na alipochoka akadakia mwingine, na baada yake mwingine, hata ikaadhiniwa Laasiri.

Kajiado ya siku zile ilikuwa stesheni, maduka machache, afisi za serikali na soko la ng'ombe. Jina lake hasa ni la Kimasai, Olkeju-ado, maana yake mto mrefu, ingawa mwenye kufika wakati wa kiangazi hataona mto wala maji. Reli ipitayo hapo hutoka Konza na kuteremka hadi ziwa la Magadi, nayo ilikamilika mwaka 1915 ili kuchukua magadi yapelekwe Mombasa. Kwa sababu ya reli hiyo na biashara ya mifugo walipatikana Waislamu hapo tangu zamani: Wasomali wachuuzi, Waswahili wa relini, na Wamasai waliosilimu mmoja mmoja. Bibi arusi kutoka Kibokoni, aliyezoea kusikia adhana tano kutoka pande nne, alishushwa katika jukwaa la stesheni akiwa na kasha lake na mkeka, akakuta upepo na vumbi.

Alianza na watoto wawili wa jirani, akiwasomesha alifu-bee-tee barazani baada ya Alasiri. Hakuna aliyemwambia afungue chuo. Mama zao walikuwa wakiona watoto wametulia, basi wakawaleta na wengine. Kwa miaka zaidi ya thelathini baraza ile haikuwa bila watoto, na baadhi yao leo ni wazee wenye ndevu nyeupe waliokuwa wamekaa pamoja nasi Kitengela, wakiinamisha vichwa. Ada yao ilikuwa chochote: maziwa, kuni, sukari ya kupima, na mara nyingi hapakuwa na kitu.

Mwaka 1961 ulipokuja ukame ule ambao wazee wa Kimasai wangali wakiutaja, ng'ombe wakafa kwa maelfu, na mwisho wa mwaka yakafuata mafuriko juu ya msiba. Huyu mama alikuwa akinyonyesha. Mke wa jirani yake alikuwa mgonjwa, maziwa yamemkauka, basi akamchukua mtoto wa yule akamnyonyesha pamoja na wake kwa miezi kadha. Wenye kujua fiqhi wamekwisha kushtuka hapa. Katika madhehebu yetu mtoto akinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, amekuwa mtoto wa aliyemnyonyesha, na watoto wote wa mama huyo ni ndugu zake. Ndoa baina yao ni haramu kama ilivyo haramu baina ya ndugu wa tumbo moja. Aliyenyonyeshwa yu hai, ana watoto na wajukuu Kitengela na Ngong. Vijana wa nyumba hizo mbili wasoma pamoja, wafanya kazi pamoja, na hawakuwa na habari. Lililokuwa likiijua haramu hiyo ni kumbukumbu ya bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, aliyeisema siku ile kwa bahati tu, kwa kuwa wasifu ulimwudhi.

Ama habari ya kuosha maiti, hiyo ndiyo iliyotoa machozi. Marehemu alifundishwa kazi hiyo na bibi wa Kisomali aliyemtangulia mjini, na alipokufa bibi huyo, yeye ndiye aliyemwosha. Tangu hapo, kwa miaka arobaini na zaidi, mwanamke wa Kiislamu akifa Kajiado, au Isinya, au Bisil, huyu ndiye aliyeitwa. Alikuwa na mkebe wa majani makavu ya mkunazi aliyoletewa kutoka pwani, na kafuri katika chupa, na mkasi wa kukatia sanda. Aliosha kama alivyoelekezwa Ummu Atiya (R.A.) na Mtume alipokuwa akimwosha binti wa Mtume: idadi ya witiri, kwa maji na mkunazi, kafuri katika maji ya mwisho, na nywele kusukwa mikia mitatu. Alitoka usiku, alitoka katika mvua, aliwaosha wa kipindupindu watu wengine walipoogopa mlangoni. Hakupokea ujira.

Na yeye alipokufa, wasomaji wetu, ilikuwaje? Wajukuu waliokuwako waliogopa kumgusa. Hatuwalaumu sana, kwani hakuna aliyewafundisha, na mjini kwao kazi hiyo hufanywa na watu wa kuitwa. Aliyekuja ni mwanamke wa Kimasai wa makamo, aliyesilimu alipoolewa. Alipanda bodaboda kabla ya Alfajiri kutoka nje ya mji, na mkebe wa majani ya mkunazi mkononi. Huyu alikuwa mwanafunzi wa marehemu katika kuosha. Aliingia, akafunga mlango, akawaita wajukuu wawili kwa majina akawaambia: "Njooni, nyanya yenu hawezi kuwadhuru. Shikeni maji." Wakaingia. Sasa wako wawili wajuao.

Basi haya yote yaliitwa "mke wa nyumbani".

Hatusemi kwamba kuwa mama wa nyumba ni jambo dogo. Tunasema kwamba jina hilo limekuwa kifuniko, na kila kilichomo ndani hakitazamwi. Mwanamume akiwa karani kwa miaka ishirini, wasifu wake utataja kila afisi aliyokaa na kila uhamisho aliopewa. Mkewe akisomesha, akauguza, akaosha, akalisha na kusuluhisha kwa miaka sitini, huandikiwa maneno mawili.

Watu wetu si watu wasiojua kuandika maisha. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki 1982, ndiye aliyetutungia kitabu cha habari za baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Mwanachuoni gani alisoma kwa nani, alimsomesha nani, alizikwa wapi: mengi ya haya tunayajua kwa sababu Sheikh Abdallah aliuliza wazee kabla hawajaondoka. Na kwa upande wa wanawake, mabibi watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, waliwasimulia Bi. Sarah Mirza na Margaret Strobel maisha yao, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Twawashukuru walioifanya kazi hiyo. Lakini haielekei kila mama wa Kajiado, Voi au Kisumu angojee mtafiti wa chuo kikuu abishe hodi.

Wapo watakaosema kwamba kumsifu maiti ni jambo la kuchungwa, na wana haki. Alipokufa Uthman bin Madh'un (R.A.), Ummul Alaa alishuhudia kwamba Mungu amekwisha kumkirimu, na Mtume akamwuliza amejuaje hayo, akasema kwamba yeye mwenyewe amtarajia kheri tu. Basi zile tanzia zinazomtia mtu Peponi kabla hajafika kaburini hazitufai. Lakini pia lilipitishwa jeneza watu wakalisifu kwa kheri, na Mtume akawaambia kwamba imemwajibikia Pepo, kwa kuwa wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Shahidi hana ruhusa ya kuzua, wala hana ruhusa ya kuficha. Aliyeona mama huyu akitoka usiku na mkebe wake aseme aliona, na hukumu amwachie Mola.

Tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya badala ya yale tuliyokuwa tumeyaahidi juu ya mahari.

Siku ya pili ya taazia watoto walifungua kasha la mama yao. Mlikuwa na nguo, msahafu, udi, picha chache, na bahasha ya pesa: shilingi 41,600. Wakakubaliana kuzitia katika mirathi. Hawakufanya ubaya wowote, kwani nani angedhani vinginevyo? Pesa zimo katika kasha la mama, ni za mama. Walichotuita kwacho ni kuwagawia mafungu kwa hesabu ya sharia.

Chini ya bahasha palikuwa na daftari la shule, limekunjwa, limeandikwa kwa wino wa kalamu ya kawaida. Mjukuu mmoja alilitupa kando akidhani ni dua au hirizi, kwa sababu maandishi yake yalikuwa ya Kiarabu. Tulipolichukua tukaona si Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika mama zetu wote wa pwani kabla ya shule za serikali. Mama aliyeitwa hajui kusoma katika fomu zote za hospitali alikuwa ameweka hesabu kwa mwandiko mzuri kuliko wetu.

Lilikuwa daftari la sanda. Wanawake masikini wa Kajiado na kandokando, waliochelea kufa bila ya kafani yao wenyewe, walikuwa wakimpelekea hamsini, mia, mia mbili, awawekee. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake: jina, tarehe za Kiislamu, kiasi. Majina yalikuwa ishirini na matatu. Tisa yalikuwa yamepigwa mstari, na chini yake neno moja tu: "nimemsitiri". Yaliyobaki ni kumi na manne, na jumla yao, tulipoijumlisha mara mbili, ilitimia shilingi 41,600 bila kupungua hata moja.

Pakawa kimya. Mtoto mkubwa, yule wa Mombasa, akasema, "Ustadhi, sisi tulikuwa tule sanda za watu."

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na katika sura hiyo hiyo, alipotaja mafungu ya mirathi, amekariri kwamba ni baada ya wasia na deni. Amana haimo hata katika deni. Si mali ya maiti kabisa. Na alipoulizwa Mtume na mtu mmoja kama kumebaki wema wowote wa kuwafanyia wazazi baada ya kufa kwao, alimtajia kuwaombea dua na maghufira, kutimiza ahadi zao, kuunga udugu ambao hauungwi ila kwa ajili yao, na kuwakirimu rafiki zao. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Utatimizaje ahadi usiyoijua? Utamkirimu vipi rafiki ambaye hujapata kusikia jina lake? Mtume mwenyewe alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija (R.A.), miaka baada ya kufa kwake, kwa sababu aliwajua.

Kwa hiyo, dada zetu na mama zetu, na nyinyi vijana wa Kitengela, Syokimau na Ongata Rongai mnaokaa na wazee chumba cha pili na kuonana nao wakati wa chakula tu: kaeni nao. Msianze kwa kuwauliza walizaliwa mwaka gani, hilo wengi hawalijui na huwachosha. Waulizeni walimnyonyesha nani. Waulizeni wanaweka amana ya nani, wanadai nani, wanadaiwa na nani. Waulizeni nani aliwafundisha walichokijua, na nani wamemfundisha. Simu zenu zaweza kunasa sauti. Zinaseni, kwa ruhusa yao, na mkisikia jambo la aibu ya mtu lifuteni. Na mwenye mzee ambaye ana daftari au karatasi za herufi za Kiarabu asizitupe wala asizichome kwa kudhani ni hirizi. Azilete msikitini, tutasoma pamoja. Hatutoi hukumu juu ya kila karatasi, na baadhi yake kwa kweli zitakuwa hirizi.

Mjukuu aliyesoma wasifu ule wa dakika tatu ameanza kazi hiyo kwa shangazi yake wa Kajiado. Ametupigia wiki hii kutuambia kwamba nyumba mbili zile za maziwa zimekutana, zimeandikishana majina ya watoto wote, na orodha imebandikwa ndani ya mlango wa kabati kila upande. Pana posa moja ilikuwa mbioni. Imesimamishwa, na wahusika wameambiwa sababu kwa upole.

Ama wenye sanda, katika kumi na wanne wamepatikana kumi na mmoja. Wawili wamesema pesa zao zikae hapo hapo, awawekee yule mama wa Kimasai, naye amekubali na amenunua daftari jipya. Watatu hawajapatikana. Mmoja ameandikwa kwamba alikuwa akiuza mitumba soko la Isinya. Wa pili aliolewa Namanga. Wa tatu hana jina ila la mwanawe wa kwanza, na neno "Bisil", na amana yake ni shilingi 2,350. Mwenye kujitambua, au kumjua mmoja wao, na aulize kwa imamu wa msikiti wa Kajiado mjini, baada ya swala ya Ijumaa.